Mabati Yetu Mia na Makumi Mawili, Mali ya Mungu

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 4 Agosti 2001, Butembo

Kaye yangu, daftari langu jipya, tusalimiane. Padri Luc alisema katika mafungo kwamba mtu asiyeandika dhambi zake anasahau nusu akifika kwenye kitubio. Donc nimekununua. Mais leo siandiki dhambi. Leo naandika akili.

Mabati yamefika! Mia na makumi mawili! Kamyo ya Aruna imeyatoa Kasindi, ikapita Beni, ikapita vizuizi kumi na kimoja, na halikupotea hata moja. Nimepiga magoti mbele ya tairi nikamshukuru Mungu. Mafuta machafu yameingia kwenye suruali ya Misa. Si kitu.

Nusu ni yangu. Nusu ni ya Yaya Anne-Marie, dada yangu mkubwa, mjane, ana watoto watano shuleni. Dépôt hii, ghala letu la biashara, tuliachiwa na baba yetu, marehemu Papa, aliyekuwa katekista, na aliiacha pamoja na sheria moja: mzigo ukifika, kabla ya kuuza hata msumari, moja katika kumi inatoka kwa ajili ya Mungu. Sheria nzuri sana. Sijaivunja hata siku moja. Ninaichelewesha tu.

Sasa habari mbaya. Kuna komanda mpya mjini. Anajenga kambi na anatafuta mabati. Jana askari wake wamepita dépôt tatu upande wa soko. Hawanunui. Wanasema ni mchango wa usalama, wanapakia, wanaenda. Siku ya kwanza, Jumatatu, ni zamu ya barabara yetu.

Nimesali rozari nzima. Kwenye fumbo la tatu, akili ikashuka! Maternité ya masista, nyumba ya kuzalia, haina paa tangu dhoruba ya mwezi wa nne. Upepo ulibeba mabati yote, ukayatupa huko na huko, na mpaka leo wanawake wanazalia chini ya bâche, turubai tu. Mji mzima unajua maternité inangoja mabati. Basi nimechukua rangi nyekundu ya mafuta, nimechukua brashi, na juu ya kila bati nimeandika: MALI YA MUNGU, MATERNITE. Na msalaba mdogo pembeni. Mara mia na makumi mawili! Kidole gumba sikisikii tena.

Bibi yangu Florentine ameniuliza kutoka mlangoni kama huo si uongo. Nimemwambia asome Zaburi: dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Mabati yamo duniani. Uongo uko wapi? Amesema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Papa Élise, mwenye Zaburi hakushika brashi." Florentine anasoma Biblia haraka haraka.

Yaya Anne-Marie sijamwambia. Yuko Beni, mtaa wa Mulekera, anatafuta mafuta ya mawese. Atarudi juma litakapokwisha. Atakuta mabati yake salama, ataniombea.

Siku ya kwanza, tarehe 6 Agosti

Mungu asifiwe! Mungu asifiwe! Mungu asifiwe!

Wamekuja saa mbili asubuhi. Sergent mmoja mrefu, macho mekundu kama mtu asiyepata usingizi, na askari sita. Wameanza ng'ambo ya barabara, kwa Mathe. Mathe ni mtoto wa baba yangu mkubwa, Mprotestanti, anauza mabati kama mimi, na tangu Pasaka anayauza bei ya chini kuliko mimi kwa makusudi. Wamemchukulia makumi manne. Alisimama na mikono kichwani. Nilisikia huruma. Siyo nyingi, mais nilisikia.

Kisha kwangu. Sergent akainua bati la kwanza, akasoma huku midomo ikitembea. La pili. La tatu. Akavua kofia! Akawaambia wake kwa Lingala, "Eloko ya Nzambe. Bosimba te." Kitu cha Mungu, musiguse. Nilitaka kumkumbatia. Wamechukua redio yangu tu na mawe yake, yaani betri. Redio sikuiandika. Kosa ni langu.

Mais alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza paa litapigwa lini. Nikauliza paa gani. Akanitazama. Nikasema ah! Paa! Karibu! Akauliza karibu ni lini, juu bibi yake ana mimba ya miezi minane, atazalia pale pale, na mawazo ya ile bâche ndiyo yanamnyima usingizi. Nikajibu: kabla ya sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 15. Kwa nini nilisema vile? Nani aliniuliza tarehe? Kinywa hiki! Sergent akatoa kaye mfukoni, akaandika. Kumbe naye ana kaye.

Walipoondoka Mathe akavuka barabara. Akanipigia kelele mbele ya watu, "Éphraïm! Tangu lini Mungu anafungua dépôt?" Nikamjibu kwamba Mungu anawajua walio wake. Akasema, "Muzuri. Donc sasa Yeye njo patron, mwenye dépôt, na weye uko zamu tu ya kulinda mulango."

Wivu ni kitu kibaya.

Siku ya tatu, tarehe 8 Agosti

Mteja wa kwanza! Salomon, mkulima wa kahawa kutoka Mangina, mtu mzito, mwenye neno moja. Alitaka mabati thelathini ya nyumba mpya. Nikamleta ndani, nikampa kiti, Florentine akaleta chai. Akainua bati. Akasoma. Akalirudisha polepole kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe aliyelala.

Nikamwambia hayo ni maandishi tu, biashara ni biashara. Akaniuliza kama nataka alale na bibi na batoto chini ya kitu ya Mungu, radi imupige mu mwezi wa kumi. Nikamwambia atageuza bati, maandishi yatakuwa ndani, hakuna atakayeona. Salomon akamtaja Mungu kwa jina la sisi Wanande, akasema, "Papa, Nyamuhanga anasoma pande zote mbili." Akamaliza chai, akaenda.

Bon. Nimefunga mlango, nimechukua petroli chupa moja na tambara. Nimesugua bati moja tangu saa nne mpaka saa saba. Rangi haikutoka. Imetawanyika. Bati sasa ni jekundu lote, na msalaba umebaki katikati, unang'aa kuliko mwanzo. Kichwa kinazunguka kwa harufu. Mathe alikuwa amesimama dirishani. Aliuliza kwa upole kama Mungu ameagiza rangi ingine.

Nimeanza novena.

Siku ya tano, tarehe 10 Agosti

Novena imejibiwa baada ya siku mbili tu! Au nilidhani.

Wazo hili hapa. Butembo watu wamesoma mabati. Mais Beni ni kilomita hamsini na kitu, nani anajua mambo ya maternité yetu? Aruna anaondoka leo asubuhi na kamyo ya kabichi. Nitamwekea mabati mia chini ya kabichi, maandishi yakitazama chini, yauzwe kule Beni kwa mtu asiye na maswali. Yale yatakayobaki, kumi na mawili ni ya Mungu kwa sheria ya Papa, na manane ya bahati. Nani ataumia?

Aruna ni Mwislamu wa Beni, kijana mwenye adabu, ndevu fupi, hasemi sana. Aliuliza ni nini. Nikasema mabati. Akapanda, akageuza moja. Akasoma. Akageuza la pili. Kisha akashuka, akakaa kwenye ngazi ya kamyo, akafuta macho!

Kaye yangu, sikujua la kufanya. Aliniambia, kwa sauti ya chini, ya kwamba amenielewa. Kwamba mimi ni mutu wa kuficha mema yangu. Kwamba nimetoa mabati yote haya, sasa nimesikia haya ya kusifiwa katika mji wangu mwenyewe, donc nataka kuyapeleka Beni kwa siri, ili mkono wa kushoto usijue. Nikasema ndiyo, ni kitu kama hicho. Akasema hapana. "Papa Éphraïm, Beni iko na paa. Bamama banazalia mu mvua hapa. Kwetu, kitu ikishatajwa sadaka, hairudie nyuma. Hata kwa sababu ya unyenyekevu."

Akashusha mabati yote mwenyewe! Akasema siku ya kupiga paa, kamyo yake itayapandisha mlimani bure, na misumari ataitoa yeye na ndugu zake wa msikiti. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema nimemfundisha.

Alipoondoka, kamyo haikwenda upande wa njia ya Beni. Ilikwenda upande wa parokia.

Siku ya Mungu, tarehe 12 Agosti

Niandike haraka.

Misa ya kwanza. Kanisa limejaa. Yaya Anne-Marie amerudi jana jioni na mawese yake, amechoka, hatukuonana. Alikuwa kwenye benchi la tatu na wamama wa Legio ya Maria. Baada ya mahubiri, Padri Luc akasema ana furaha asiyoweza kuibeba peke yake. Akaniita mbele. Miguu ikaenda, mimi nikabaki. Akatangaza: familia moja ya parokia hii, katika wakati huu ambapo kila mtu anaficha, imetoa mabati mia na makumi mawili, na ndugu zetu Waislamu wanatoa misumari. Akasema yale mabati si ya mtu tena, ni ya Mungu, na atakayegusa kitu cha maternité ajue amegusa nini. Ngoma! Vigelegele! Bibi mmoja akanitupia kitambaa.

Nilitazama benchi la tatu. Yaya alikuwa amesimama kama wengine. Hakupiga makofi.

Alinikamata nyuma ya sakristia. Sijawahi kuogopa bunduki namna ile. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli na si kweli. Akasema nichague. Nikamwambia yote: komanda, rangi, Salomon, petroli, kabichi. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu vya Misa, akavitazama. Akasema makumi sita kati ya yale mabati ni shule ya batoto bake, mwezi wa tisa, wote watano, na hana kingine. Akasema, "Kutoa kitu ya mwenzako hapana sadaka, mudogo wangu. Ni wizi yenye kuvaa rozari."

Nimetafuta jibu katika Zaburi zote ninazozijua.

Akanituma kwa Padri kusema kweli. Nimeenda. Padri Luc alisikiliza akiwa ameinama, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Aliponyoosha uso, ilikuwa kitu kingine. Akasema nilisifiwa mbele ya watu, donc kweli itasemwa mbele ya watu, siku ya sikukuu. Nikamwambia: Padri, sergent atakuwa pale! Akisikia mabati ni yangu atayabeba yote, na mimi juu yake, na ya Yaya ndani! Padri akakuna kichwa. Akasema tusali.

Hivyo ndivyo mtu anasema akikosa mpango. Najua. Mimi pia nasema hivyo.

Siku ya kwanza, tarehe 13 Agosti

Muujiza! Naandika nikiwa nimesimama!

Asubuhi sista wa maternité ametuma mtu kuniita. Nilidhani ni sergent, nikavaa suruali mbili kwa ajili ya fimbo. Nimefika nikakuta mama mzee mmoja amebeba bati kuukuu kichwani. Akaliweka chini, hakutazama mtu. Akasema upepo wa mwezi wa nne ulimletea bati ile mu shamba, aliifunika mbuzi, hakujua. Kisha akasema alijua. Kisha akasema jana Padri alivyosema ni kitu ya Mungu, mbuzi zilimuangalia vibaya.

Nyuma yake mwingine. Na mwingine! Yale yote yaliyobebwa na dhoruba, kumbe yapo! Yalikuwa juu ya mabanda ya kuku, juu ya vyoo, mlango wa jiko la mtu. Watu wanayaleta vichwani, kwenye baiskeli, kwenye pikipiki, na kila mmoja anasema ni ya jirani yake aliyemtuma. Mpaka saa tisa, makumi sita na moja.

Na nani nimemwona anapanda mlima na tisa begani? Mathe! Mprotestanti! Hakunitazama. Alipopita karibu akasema kwa meno, "Hapana sema kitu." Nikasema kitu. Nikamwuliza tangu lini Mungu anafungua dépôt kwa Waprotestanti. Kaye yangu, ilikuwa tamu.

Paulin, fundi wa paa, amepima mara mbili. Paa zima linataka mabati makumi manane na manne. Donc yanapungua makumi mawili na matatu tu! Si mia na makumi mawili! Nimecheza dansi mbele ya masista. Fundi Paulin ameniuliza kwa nini mtoaji anafurahi sadaka yake ikikataliwa. Nimesema ni fumbo.

Jioni nimekumbuka: makumi tisa na saba yatakayobaki bado yana jina la Mungu, hakuna Mnande atakayeyanunua. Na sergent bado yupo. Nimekaa.

Siku ya pili, tarehe 14 Agosti

Sergent hakungoja. Amekuja saa moja na askari wake sita. Aruna naye amefika na kamyo na sanduku la misumari. Nikasema makumi mawili na matatu yanatosha. Sergent akasema kitu ya Mungu hakipimwi. Wamepakia yote. Nimetembea nyuma ya kamyo kama mtu anayesindikiza maiti yake mwenyewe. Watu njiani wananipungia mkono.

Fundi Paulin amepiga paa siku nzima. Askari wakishika mbao, Waislamu wakipitisha misumari, Mathe akitoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Mpaka saa kumi kazi imekwisha. Paa nusu kutu, nusu kung'aa, na maandishi yangu mekundu yanaonekana mpaka sokoni.

Chini yake, mabati makumi tisa na saba, yamepangwa vizuri. Sergent akayazunguka. Akayazunguka tena. Akasema kwa kuwa Mungu ameshiba, hizi zilizobaki zinaweza kusaidia kambi.

Nilishika rozari mfukoni, nikahesabu mabati badala ya Salamu Maria.

Yaya Anne-Marie alikuwa anagawia wafanyakazi maharagwe. Akaweka sufuria chini. Akamwendea na mwiko mkononi. Akasema, "Mon sergent, soma." Basi. Neno moja. Sergent akasoma, midomo ikitembea. Akamtazama Yaya, akautazama mwiko. Akaamuru kamyo irudishe yote kwangu, niyalinde.

Nilitaka kumshukuru Yaya. Alinizuia. Aliniambia ile ndiyo mara ya mwisho kinywa chake kinasaidia brashi yangu, na kesho atasema yeye, mimi nifunge kinywa tu.

Naogopa sana. Mais mabati yako ndani.

Siku ya tatu, tarehe 15 Agosti. Kupalizwa kwa Mama Maria

Nimerudi. Niko mzima. Niandike kila kitu.

Sergent alikaa benchi la kwanza, buti zinang'aa, bibi yake kando na tumbo lake mbele yao kama mgeni wa tatu. Baada ya komunyo Padri Luc akasema familia ya watoaji ina neno. Yaya akasimama. Akajifunga kitenge vizuri. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Akaanza kusema. Kwa Kinande!

Sergent ni mtu wa Équateur. Lingala anayo, Swahili anaisikia kiasi cha kutosha. Kinande hajui hata wasingya, asante. Na Yaya alisema Kinande cha ndani kabisa, kile cha shambani cha mukaka, nyanya yetu, na uso wa mtu anayesoma salamu za Askofu.

Alisema: Wapendwa, mudogo wangu hakutoa. Mudogo wangu aliogopa. Aliandika jina la Mungu juu ya mabati kama mtu anavyofunga mbwa mlangoni. Kati ya yote, kumi na mawili tu ndiyo yalikuwa ya Mungu kwa sheria ya Papa wetu, na hata hayo yalichelewa. Kumi na moja mengine ambayo paa limekula, yanatoka kwenye fungu la Éphraïm. Yeye hajui bado. Anasikia sasa hivi pamoja nanyi. Yaliyobaki ni yetu, ni ya kuuza, na mengine ni shule ya watoto wangu. Nunueni bila woga, kwa sababu kweli imesemwa mbele ya altare, na rangi sasa ni rangi tu. Na mnaona ni nani ameketi hapa mbele. Kila mmoja ashike ulimi wake kama anavyoshika mtoto wake akivuka mto.

Kanisa lote likanigeukia.

Kisha yule mama wa mbuzi akaanza kucheka. Akafuata mzee nyuma. Kisha kanisa lote! Makofi, vigelegele, ngoma. Sergent akapiga makofi kuliko wote. Akanigeukia, akaniuliza mama amesema nini. Nikasema anawashukuru wanaotulinda. Sergent akasimama, akawapigia watu saluti!

Mabenchi yalitikisika. Padri Luc alijificha nyuma ya kitabu cha Misa muda mrefu.

Nimeona haya, kaye yangu. Haya ya kweli, ile inayokaa hapa kifuani. Mabati ishirini na matatu yalitoka, na hata moja sikulitoa kwa moyo. Mais Yaya alinipita njiani kurudi kwenye benchi lake, akanifinya sikio kama nilipokuwa mtoto, na sikio hilo mpaka sasa lina joto zuri.

Siku ya posho, tarehe 18 Agosti

Yamekwisha! Yote makumi tisa na saba, toka juzi mpaka leo saa sita!

Salomon amerudi mwenyewe toka Mangina, amechukua thelathini. Nimemwuliza na radi je. Akasema, "Sasa shiye tunajua ni yako, na baaskari habajue. Bati nzuri kupita ile ni gani?" Watu walisimama mstari mpaka mbele ya Mathe. Fundi Paulin ananunua, katekista ananunua. Mathe ameuza brashi mbili na rangi nyekundu, sijui kwa nani.

Baada ya fungu la kumi la Mungu, Yaya amepata fungu lake lote, hata moja halikupungua. Mwezi wa tisa watoto watano wanaingia darasani. Fungu langu limekuwa jembamba. Florentine anasema litanifaa, nililipenda mno.

Bibi wa sergent amejifungua juzi, mtoto wa kike, mvua ikipiga juu ya paa, na halikuanguka tone hata moja. Sergent kwa furaha amenirudishia redio. Bila mawe.

Nimeapa mbele ya Yaya, mkono juu ya Biblia ya Papa: sitaandika tena jina la Mungu juu ya kitu chochote. Nimelala usingizi wa mtakatifu.

Siku ya ine, tarehe 30 Agosti

Mzigo mpya! Chumvi, magunia makumi manane. Nusu yangu, nusu ya Yaya. Na komanda, wanasema, sasa anatafuta chumvi.

Kaye yangu, mimi nashika kiapo. Sikuandika kitu. Sikugusa brashi. Nimewaza tu: askari hawaingii nyumba ya kilio. Yule komanda anaogopa maiti, mji mzima unajua. Donc asubuhi nimewasha moto wa kilio mbele ya dépôt, nimetandika mikeka juu ya magunia ili waombolezaji wakalie, na nimewaambia majirani kwamba Baba Mdogo Kahongya amefariki kule Mangina. Ana miaka makumi manane na moja, anasali sana, yuko tayari kabisa. Hajakanyaga Butembo tangu miaka sita. Na sisi wote tutakufa, sivyo? Mimi nimetangaza mapema tu.

Askari wamepita saa nne. Wamevua kofia, wameenda zao. Aleluya! Chumvi haikuguswa hata gunia. Nilitoa jasho la furaha.

Mambo madogo madogo hayakosi. Majirani wameleta kuni, unga, maharagwe, kuku wawili. Florentine anapikia watu makumi matano na hasemi na mimi. Padri Luc ameweka Misa ya marehemu kesho kutwa. Yaya bado hajui. Yuko Beni. Nitamwambia nikipata nafasi.

Na Mathe. Mathe amekuja analia, kaye yangu, machozi ya kweli, ameniangukia shingoni. Nilisahau kwamba Baba Mdogo ni baba mdogo wake pia, na ndiye alimlea miaka miwili. Amesema, "Ndugu yangu, kwa kilio hakuna Mukatolika, hakuna Muprotestanti." Akaenda kwa seremala, akanunua jeneza la mbao ngumu ya libuyu, zuri, na vishikio, kwa mfuko wake mwenyewe. Aruna amekataa malipo. Saa sita wameondoka na kamyo, wanaenda Mangina kuchukua maiti.

Nimekaa karibu na moto, nikala kuku kidogo, nimeona hakuna cha kuogopa. Njia ya Mangina ni mbaya, hawatarudi kabla ya kesho jioni. Siku nzima ya kuwaza! Na Baba Mdogo alisema kila mara anatamani kutuona. Atapanda kamyo bure, atafika hapa mzima, atakuta watu makumi matano, moto, maharagwe, Misa imepangwa, na jeneza la libuyu lenye kipimo chake. Ni wazee wangapi wanapewa bahati kama hiyo wakingali hai?